Boti Isiyo na Taa

Jioni ya msiba wa mama umeme ulikatika, kama kawaida yake siku mtu anapouhitaji. Watu walikuwa wamejaa uani kwetu Nyakitonto, Kasulu, wengine wakila, wengine wakiimba, na giza likatukuta sahani mkononi. Vijana wakawasha tochi za simu. Kisha mzee mmoja jirani akaenda kwake, akarudi na karabai, ile taa ya pampu niliyodhani imekwisha kupotea duniani. Wa rika langu mnaijua. Alimimina spiriti kidogo, akaiwasha, akangoja ipate moto, akapampu mpaka ikaanza kuvuma. Harufu ile ya spiriti na mafuta ya taa iliponifikia nikaweka sahani chini. Tangu asubuhi sikuwa nimetoa hata chozi, na shangazi zangu walikwisha anza kunitazama vibaya. Hapo nikalia mpaka nikashikwa mabega.

Waliniambia pole, mama amepumzika. Sikuwa na nguvu ya kuwaeleza kwamba aliyenitoa machozi ni baba, na shati lake, na jioni moja ya Kigoma ambayo mimi na mama hatukuwahi kuizungumza tena.

Nilipokuwa mdogo nilijua jambo moja tu la hakika kuhusu baba. Nilijua kwamba ana baridi. Tulipokimbia Burundi tulifika ufukweni asubuhi, mvua ikinyesha, watu wakigombea mitumbwi kama wanavyogombea maji bombani. Mtumbwi tuliopata ulikuwa umejaa, na mwenye mtumbwi akasema atachukua mama na mtoto basi. Data, ndivyo sisi tunavyomwita baba, alikuwa fundi cherehani. Alikuwa amevaa shati jeupe la mistari ya bluu alilolishona mwenyewe. Alilivua, akanifunika nalo kichwani, akausukuma mtumbwi kwa kifua mpaka maji yakamfika kiunoni. Akabaki amesimama pale na singleti, mvua inampiga.

"Nitakuja na boti ya nyuma," alisema.

Boti ya nyuma haikuja. Tuliingoja Kigoma ufukweni siku nyingi, mama akikimbilia kila chombo kilichotia nanga, mpaka Baba mdogo Zakaria, mdogo wake Data aliyekuwa ametangulia kuvuka, akatukuta pale na kutupandisha milimani. Huko Nyakitonto Muha mmoja mwenye huruma alikuwa amempa kipande cha shamba. Kirundi na Kiha vinaelewana, kwa hiyo hatukuwa mabubu. Tulilima maharage na mihogo ya watu, tukapata na yetu. Lakini kila mvua iliponyesha, na Kasulu mvua inajua kunyesha, mimi nilikuwa na wasiwasi mmoja. Nilimwona Data na singleti yake, maji kiunoni, anatetemeka. Shati lake lilikuwa kwetu, ndani ya sanduku la bati, limefuliwa na kupigwa pasi ya mkaa. Nilikuwa namuuliza mama tutampelekea lini. Mama alikuwa akijibu kwamba wakati utafika.

Baba mdogo Zakaria hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo sasa. Wakati ule nilimwona simba. Alikuwa na mchumba Kibondo, msichana wa familia ya Kirundi kama sisi, na mahari ilikwisha pokelewa. Tatizo lilikuwa sisi. Kwetu, nyumba yenye msiba ambao haujamalizwa haiozi wala haioi. Lazima kwanza matanga yaondolewe, wafiwa wanyolewe nywele, majembe yaoshwe, pombe inywewe, ndipo watu waruhusiwe kufurahi. Na wazee wa Kibondo walikuwa wakiuliza: yule kaka yake bwana harusi yuko wapi? Akiwa hai, mbona haji kusimama na mdogo wake? Akiwa amekufa, mbona mjane ana nywele kichwani?

Mama alikuwa na nywele nyingi. Alizisuka kila Jumamosi, kwa makusudi kabisa, kama mwanamke ambaye mumewe yuko safarini.

Wakawa wanavutana mwaka mzima. Sikuelewa maneno yote, ila nilielewa kwamba Baba mdogo anataka Data afe na mama hataki. Kichwani mwangu ilikuwa hivyo, kwamba kufa kwa Data kunategemea nywele za mama. Zikinyolewa amekufa, zikibaki yu hai. Kwa hiyo usiku nililala nimezishika.

Ndipo ikaja habari ya boti. Kigoma kulikuwa na klabu ya wenye boti: wafanyabiashara wa dagaa, mafundi wa injini, na wazungu wachache wa mashirika waliokuwa na mashua ndogo za tanga za kutembelea Jumapili. Kila mwaka, kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, walikutana Ujiji, wakapamba vyombo vyao kwa makuti, karatasi za rangi na karabai, kisha wakaondoka kwa pamoja, mmoja nyuma ya mwingine, wakazunguka rasi mpaka bandari ya Kigoma ambako mji mzima ulikuwa unawasubiri. Mwaka ule walitaka kwaya ndani ya boti, na mwalimu wa kwaya ya kigango chetu alikuwa na shemeji yake kwenye klabu hiyo. Mama alikuwa sauti ya pili. Baba mdogo alipiga ngoma.

Mwalimu alipotangaza habari hiyo baada ya misa, alisema boti zinatoka ziwa lote, hata upande wa Burundi na wa Kongo kama hali ikiruhusu. Nilimwona mama akikaa chini kwenye benchi, wenzake wote wamesimama.

Jioni ile alimwita shemeji yake jikoni. Mimi nilikuwa nachambua maharage.

"Zakaria," alisema, "niache kwanza nikaangalie ziwani. Boti zote zinakuja. Kama hayumo, na kama hakuna anayemjua, nikirudi nitanyoa."

"Umesema mwenyewe, shemeji."

"Nimesema mwenyewe."

Baba mdogo akatoka bila kumaliza chai yake. Mimi moyo ulinienda mbio kwa furaha, maana nilikuwa nimeng'amua jambo ambalo wakubwa, kwa maoni yangu, hawakuliona. Boti zitakuja kwa mstari, moja nyuma ya nyingine. Kwa hiyo itakuwepo ya nyuma. Data alikwisha tuambia atakuwa katika ipi.

Tulisafiri kwa lori, tumevaa sare za kwaya tangu nyumbani. Sababu nilikuja kuijua ukubwani: wengi wetu hatukuwa na kibali cha kutoka kijijini, na kizuizini hakuna askari anayetaka kubishana na watu wanaoimba nyimbo za Noeli. Kila tulipokaribia kizuizi mwalimu alisema tuimbe, nasi tuliimba kwa woga mpaka sauti ya kwanza ikavuka mipaka yake. Lori lilikwama kwenye tope mara kadhaa, wanaume wakashuka kusukuma, sare zikawa na rangi ya udongo. Mama alikuwa amevaa vitenge viwili juu ya sare, kama wanawake wote wa kwetu wanaposafiri, kimoja kiunoni na kingine cha kijani mabegani. Kile cha kijani ndicho alichovuka nacho ziwa. Mkononi alishika mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko mlikuwa na shati. Niliuangalia ule mfuko njia nzima, shati lisije likaloa.

Ujiji tulikuta shamrashamra ambayo sijaiona tena. Boti zimejipanga ufukweni, watoto wanakata makuti, mtu anatengeneza nyota ya mabati, mzungu mwenye pua nyekundu anapuliza maputo mpaka mishipa inamtoka. Harufu ya dagaa, ya rangi mbichi, ya petroli. Na kila mahali karabai zilikuwa zinawekwa spiriti na kujaribiwa, bado kukiwa mchana. Wenzetu wa kwaya, watu wa milimani, walikuwa wakicheka na kuogopa maji kwa wakati mmoja. Mama hakucheka. Alinishika mkono, tukaanza boti ya kwanza.

Alikuwa na swali moja, na alilirudia kwa kila nahodha, kwa adabu, kwanza maamkizi, kisha swali. Msimu ule wa kukimbia, hamkumbeba mwanamume mmoja, mrefu, fundi cherehani, hana shati, amevaa singleti? Wengine walitikisa kichwa kabla hajamaliza. Mmoja alisema yeye wakati ule alikuwa gerezani. Mwingine alimpa samaki. Tulipofika kwa watu wa upande wa kaskazini, waliozungumza kama sisi, mama aliwauliza kwa Kirundi, na sauti yake ikawa ya haraka, ikawa ya kuomba. Nahodha wao alimsikiliza mpaka mwisho. Akaangalia chini.

"Mama, walikuwa wengi," alisema. "Na wengi walikuwa na singleti."

Tulitembea ufukwe wote. Mwishoni mama alikuwa anauliza hata wauza karanga. Baba mdogo alikuwa anatufuata kwa mbali na ngoma yake. Nilimvuta mama kitenge nikamwambia asihangaike, hawa si wenyewe, Data yumo katika ile ya nyuma. Alinitazama. Sijui aliona nini usoni kwangu, maana alinivuta kifuani na kunibana kwa nguvu mpaka nikashindwa kupumua.

Jua lilipozama tukapanda. Boti yetu ilikuwa miongoni mwa zile za mbele. Nahodha wetu, mtu mnene mwenye utani aliyeitwa Mzee Ramadhani, alituambia watu wa milimani tukae katikati, tutulie kama magunia, na atakayetapika atapike upande wa upepo unakoelekea. Kisha injini zikawaka, karabai zikawashwa zote, na tukatoka. Hata leo siwezi kusema haikuwa nzuri. Maji yalikuwa meusi na kila boti ilikuwa na kisiwa chake cha mwanga. Kwaya ikaimba, boti za mbele zikaitikia kwa honi. Mimi nilikuwa nimegeuka, natazama tulikotoka. Nilihesabu taa mpaka zikanishinda, nikawa naitafuta ile ya mwisho, lakini kila niliyoidhania ya mwisho, nyingine ilijitokeza nyuma yake kwenye kona ya rasi.

Bandarini watu walikuwa wamefurika, wanashangilia, wanapiga vigelegele. Tulishushwa kwenye mchanga kando ya gati ili tuendelee kuimba boti nyingine zikiingia. Ziliingia moja moja. Mashua za wazungu na maputo yao zikapigiwa makofi. Boti yenye nyota ya mabati ikapigiwa zaidi. Mama alikuwa ameacha kuimba. Alisimama na mfuko kifuani, anatazama nyuso za kila boti chini ya mwanga wa karabai, moja baada ya nyingine, kama mtu anayechambua mchele.

Halafu ikaingia moja, na nyuma yake hakukuwa na taa nyingine. Watu wakatulia. Kutulia kwenyewe kulikuwa kwa ajabu. Hata watoto waliacha kelele, wanaume wakavua kofia. Sisi wa milimani hatukujua kwa nini. Mwalimu wetu, kwa kudhani sherehe imekwisha, alitupa ishara tuimbe wimbo wa furaha kuliko yote, na tukauanza kwa nguvu, ngoma ya Baba mdogo ikinguruma. Watu wa mji wakatugeukia kwa hasira. Mzee Ramadhani alikuja mbio akipunga mikono tunyamaze. Tulinyamaza vipande vipande, sauti ya nne mwishoni kabisa.

Na katika ukimya ule nikasikia makasia. Kulikuwa na boti nyingine bado. Haikuwa na taa, haikuwa na makuti, injini imezimwa. Ilikuja gizani polepole na wapiga makasia wachache, vichwa chini.

Nilikuwa nimeingoja maisha yangu yote. Nikapiga kelele, "Data!" nikakimbilia majini.

Mama alinipita. Sijawahi kumwona mtu akikimbia namna ile. Aliingia maji mpaka magotini, mpaka mapajani, akashika ukingo wa boti kwa mkono mmoja, mkono mwingine umeinua mfuko, akawa anawauliza wale watu wa makasia amekaa wapi, amekaa upande gani, huku anapapasa gizani ndani ya boti. Walitazama mbele. Mama akaanza kuwaita "ndugu zangu," akawaomba kwa Kirundi, kwa Kiswahili, akalitaja jina la Data lote. Mwishowe mzee aliyekuwa nyuma aliweka kasia lake magotini.

"Mwanangu," alisema, "humu hakuna mtu. Hii ni ya waliobaki ziwani."

Mzee Ramadhani ndiye aliyetueleza, amesimama kwenye maji na viatu vyake vya sikukuu. Hiyo ndiyo desturi yao. Boti ya mwisho haina taa wala abiria wala wimbo, nafasi yake ni ya wale ambao ziwa halikuwarudisha. Mwenye mtu wake huleta nguo, huifunga na jiwe, huwapa wale wapiga makasia, nao huenda kuizamisha kwenye kina. Baada ya hapo mtu hurudi nyumbani akamaliza msiba wake. Aliongea kwa upole, bila utani hata kidogo. Aliona mfuko mkononi mwa mama, akadhani tumekuja kwa ajili hiyo.

Baba mdogo alikuwa amefika, ngoma bado inaning'inia shingoni. Alikuwa analia kama mtoto. Kaka yake ndiye aliyemlea, nilikuja kuambiwa.

"Shemeji," alisema. "Uliniahidi. Mimi nami nimechoka."

Mama alitoka majini, akaenda nyuma ya mtumbwi uliofunikwa pale mchangani, peke yake na mfuko wake. Alikaa huko kitambo. Aliporudi alikuwa na furushi la kijani, limefungwa vizuri, zito kwa jiwe. Alilinyoosha kwa mzee wa makasia kwa mikono miwili. Nilipoelewa anachofanya nilimrukia. Niliing'ata mikono yake. Nililia kwamba Data ananyeshewa, kwamba ana singleti tu, na nikamuuliza mbele ya watu wote wa Kigoma, "Sasa Data atavaa nini?"

Mama aliinama mpaka uso wake ukafika kwenye sikio langu.

"Atavaa," alisema.

Ile boti ikageuzwa. Tulisikia makasia, kisha hatukusikia kitu. Karabai zote za bandari zilikuwa zinavuma, na harufu yake ikanikaa kooni.

Tulirudi Kasulu kwenye mvua, lori halina turubai. Mama alitetemeka njia nzima na kitenge chake kimoja, mimi nimekaa mbali naye, kwa mke wa mwalimu. Nyumbani alinyolewa, nami nikanyolewa, majembe yakaoshwa, watu wakanywa. Nilitazama nywele zake zikianguka kwenye kigoda na sikuhisi chochote, kwa sababu kwangu mimi Data alikuwa amekufa tangu lile furushi. Baba mdogo alioa kabla ya mavuno, harusi nzuri, watu wa Kibondo walicheza mpaka vumbi likawaotesha mvi. Mama alicheza pia. Nilimchukia kwa kucheza kule. Tuliishi vizuri baadaye, tukapata uraia, nikasoma, nikaolewa, nikamtunza. Ila kati yetu lilibaki shati, na hakuna aliyelitaja. Wanaume wawili watatu walikuja kumposa miaka ile. Aliwapikia, akawapa pole ya safari, akawasindikiza.

Asubuhi ya mazishi, kesho yake, shangazi zangu walinituma nikachague nguo ya kumzika. Sanduku lake la bati lilikuwa na kufuli, na ufunguo alikuwa nao shingoni siku zote pamoja na rozari. Juu kulikuwa na vitenge vipya nilivyomnunulia, bado na karatasi zake. Chini kulikuwa na sare ya kwaya. Na chini ya sare, ndani ya mfuko wa plastiki uliochakaa mpaka unakatika ukiugusa, kulikuwa na shati jeupe la mistari ya bluu. Limefuliwa. Limepigwa pasi. Kifungo kimoja kilikuwa kipya.

Nilikaa chini kwenye sakafu. Nikakumbuka kitu ambacho macho yangu yaliona nami nisikione: kwamba alirudi kutoka nyuma ya mtumbwi ule mabega wazi, na kwamba alitetemeka njia nzima. Alizamisha kitenge chake na jiwe, basi. Kitenge alichovuka nacho. Aliyeondolewa matanga siku ile, aliyenyolewa, aliyechezewa ngoma, alikuwa mwanamke wa yule fundi cherehani. Fundi mwenyewe alibaki anangojwa, humu sandukuni, miaka yote ile, na mimi nimenuna chumba cha pili.

Baba mdogo Zakaria aliingia kuuliza mbona nachelewa. Ni mzee sasa, anatembea na fimbo, ana wajukuu wa yule bibi wa Kibondo. Aliliona shati mapajani mwangu. Alilijua mara moja, kwa kuwa hakuna fundi mwingine aliyeshona kola namna ile. Alishika ukingo wa mlango. Nilidhani atakasirika, maana mtu kuambiwa alioa katikati ya msiba si jambo dogo kwetu.

"Alinipa harusi yangu," alisema. "Na kaka yangu hakumtoa."

Kisha akafunga mlango ili shangazi wasiingie. Tulimvika sare ya kwaya, na juu yake shati, mimi nikiinua mikono yake na yeye akifunga vifungo kimoja kimoja mpaka cha shingoni. Nje mvua ilikuwa imeanza, na sikutaka asafiri na baridi.